RV-7A: seti ni safi, ila usipopanga nini kinaanza utatoboa ribiti zako mwenyewe

Wadau, habari za siku nyingi. Kuna watu kama sita wamenijazia inboksi wanataka rivyu ya ile ndege ninayoijenga gereji kwangu hapa Texas, nimekua nawapiga kalenda kesho kesho, leo mvua ya mawe imeshuka toka alfajiri na umeme umekata (ndio, na huku unakatika, msidhani) kwa hiyo nachapa kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha rubani ambacho hata mkanda bado hakina. Herufi zikipinda mnivumilie.

Kwa wasiojua, nilichonunua ni seti ya RV-7A ya Van's Aircraft, wale wa Aurora, Oregon, kampuni aliyoianzisha Richard VanGrunsven, na ndege za RV zilizojengwa na watu majumbani zikaruka zimeshapita 11,000. Bodi ni bati la alumini, viti viwili ubavu kwa ubavu, tenki mbili ndani ya mabawa jumla galoni 42, na injini niliyochagua ni Lycoming IO-360 ya nguvu ya farasi 180. Hiyo A mwishoni maana yake ina gurudumu la mbele. RV-7 kavu ina kigurudumu mkiani, na mimi kutua na ile ya mkiani sijui na sitaki kujifunzia kwenye bati nililolipiga mwenyewe miaka sita.

Mzigo unakuja kwenye makreti ya mbao kwa mafungu, mkia kwanza, alafu mabawa, alafu bodi, alafu fungu la mwisho lenye kanopi (kile kifuniko cha kuonea nje juu ya viti) na kava la injini na mazagazaga mengine. Injini, pangaboi (propela) na redio unatafuta kivyako. Sheria ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mtu anayejenga kwa kujifunza au kujifurahisha, ndio ile wanaiita sheria ya asilimia 51, kwa hiyo huwezi kumlipa fundi akujengee yote alafu ukaja na kamba nyekundu kuzindua.

Ubora wa seti sina neno. Matundu yanakuja yametobolewa kiwandani, unachukua bati na mbavu unaviweka pamoja vinakutana, unashikilia na kleko (vile vidude vya springi, vya rangi ya fedha ni vya tundu dogo na vya rangi ya shaba ni vya tundu kubwa kidogo), unafungua tena, unatoa makali ya kingo, unapiga praima, unarudisha, ndio unapiga ribiti (zile pini za kushika bati moja kwa moja). Mimi kazi yangu ya kila siku ni AC na mafriji, bati nimelizoea toka Tanga nilipokua dogo wa gereji, na bado nilishangaa jinsi lile tundu la 200 linavyolingana na lile la kwanza. Kampuni ilipita kwenye misukosuko, Desemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama kwa mambo ya kufilisika, 2024 ikatoka na bei zikapanda, sasa za kwangu nilinunua 2018 hivyo hayo yamenipitia pembeni. Bei za sasa angalieni kwao wenyewe msije mkanilaumu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndio mlitaka, maana kupiga ribiti kila mtu anajifunza wiki mbili na kuharibu mabati matatu. Kitabu cha seti kinakuonyesha vizuri jinsi ya kujenga ile ndege ya bati. Lakini redio utakayoweka, antena ngapi, taa gani, otopailoti au hapana, hiyo ni ndege yako unaamua wewe, na kwa sababu unaamua wewe hakuna ukurasa utakaokwambia "simama hapo, pitisha waya kwanza". Wote mliojenga nyumba Bongo mnajua hii habari. Fundi ujenzi amemaliza, plasta imepigwa, imelainika kama uso wa bibi harusi, wiki inayofuata fundi umeme anakuja na tindo anauliza "bosi, swichi ya chumbani unaitaka wapi?" Basi ndege ndio hiyo hiyo, tofauti ni kwamba ukuta unaweza kuziba na simenti.

Mimi yalinikuta kwenye buti. Nyuma ya viti kuna sakafu ya mizigo, mabati mawili yanalala juu ya mbavu za tumboni, yanapigwa ribiti za kuvuta, zile za koleo, kazi rahisi kabisa mtoto anaweza. Ilikua Jumamosi usiku, mama Rehema kalala, redio inapiga taarabu taratibu, mimi tak, tak, tak, raha tupu, nikamaliza sakafu nzima nikafagia nikalala. Jumapili baada ya chai naingia gereji, naona juu ya benchi kitu kimezungushwa vizuri kama nyoka kalala, na kamkanda ka karatasi kenye mwandiko wangu mwenyewe: TRANSPONDA. Ile kebo ya antena ya tumboni, ya kifaa kinachoijibu rada. Antena inakaa chini ya sakafu ile ile, na bati lake la kuongezea nguvu linapigwa ribiti kwa ndani, na kebo inatoka nyuma ya dashibodi inapita chini ya viti mpaka pale. Nilisimama nimeshika kikombe cha chai kama dakika tano.

Ribiti 64 nikazitoboa. Na ya kuvuta ni mbaya kuliko inavyoonekana, ule msumari wa katikati ni chuma kigumu kuliko ribiti yenyewe, ukiweka drili moja kwa moja inateleza inaenda kukwaruza bati, lazima kwanza uusukume chini kwa ponchi nyembamba, ndio utoboe kichwa, kichwa kinazunguka na drili kama pete kinakuunguza kidole, na mkia wote unadondoka chini ya sakafu. Yani 64 mikia plus 64 misumari inacheza chekecheke tumboni mwa ndege. Nilivuta na kifyonza vumbi cha mke wangu, nikahesabu mikia, nikapata 63. Ule mmoja niliutafuta siku mbili kwa kioo cha kujipodolea na tochi. Niliukuta umejibanza kwenye kona ya ubavu. Sakafu yangu leo haina ribiti hata moja, nimeweka skrubu na nati zilizogandishwa kwenye mbavu, wajenzi wengi wanafanya hivyo na sasa najua kwa nini.

Toka siku ile kila kitu kinachofunga nafasi nakiuliza swali moja kabla sijakifunga: mkono wangu utataka kuingia humu tena? Na kama utataka, kwa kazi gani, na hiyo kazi kwa nini haijafanyika leo?

Mabawa hapo nilibahatika kwa sababu ya mzee jirani, mstaafu, alikua fundi wa ndege maisha yake yote na sasa anajitolea na EAA (ile jumuiya ya wajenzi aliyoianzisha Paul Poberezny 1953, wenye lile gulio la ndege Oshkosh kila Julai). EAA wana watu kama yeye wanakuja kukukagua bure wakati unajenga, na hii ni huduma ambayo ningeilipia. Alikuja akaona nimeweka kleko bati la chini la bawa la kushoto, kompresa inanguruma, niko tayari. Akaniuliza waya wa taa ya ncha ya bawa uko wapi. Nikamwambia nitausukuma baadaye. Hakusema kitu, akachukua fimbo ya kusafishia bomba, akanipa, akasema sukuma. Mbavu ziko zaidi ya 10 mle ndani, kila moja na tundu lake na kingo zake kali, fimbo ikaishia ya tatu. Basi tukatoa kleko zote. Tukapitisha bomba la plastiki lile la mikunjo mikunjo toka shina la bawa mpaka ncha, na kamba ya nailoni ndani imelala inasubiri, mpira wa kupima kasi ya hewa ukapita, kitako cha mota ya otopailoti kikafungwa japo mota yenyewe sikua hata na hela ya kuinunua. Bati la chini lilikaa kwenye mashelfu miezi 14. Watu walikua wakija wanauliza mbona bawa halina tumbo, nawaambia linapumua.

Ila tenki ni kinyume, tenki usichelewe. Sili ya tenki ile ya kijivu inanuka kama mayai yaliyooza, ukishachanganya una kama masaa mawili hivi kabla haijaanza kukataa, kwa hiyo kila kipande lazima kiwe kimesafishwa na kimepangwa mezani kwa zamu yake kabla hujafungua kopo. Kile kipimo cha mafuta cha ndani nacho kiingie na kijaribiwe kabla hujalifunga tenki. Alafu jaribu kuvuja, unaweka hewa kidogo sana na puto kwenye mdomo wa tenki, puto likisinyaa kesho yake unalia. Langu la kulia lilisinyaa. Tuendelee.

Kuunganisha mabawa kwenye bodi hiyo ndio siku iliyonikosesha usingizi, na hapo mpangilio una kazi moja kubwa: kuna tundu moja nyuma ya kila bawa unalitoboa wewe, kwenye mhimili mdogo wa nyuma, na likishatobolewa ndio pembe ya bawa imekaa milele. Likienda karibu na kingo umeharibu bawa au bodi au vyote. Tulitoa kila kitu nje kwenye njia ya gari Jumapili moja isiyo na upepo, shemeji yangu na majirani wanne wamebeba bawa kama jeneza (mama Rehema alikataza hilo neno), tukaning'iniza timazi nne kwenye paji la mabawa, kamba ardhini, pima maji juu, na kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo cha kitabu chini ya pima maji. Tulipima, tukala wali maharage, tukapima tena na watu wameshiba. Shemeji akapima peke yake mimi nikiwa nimegeuka nisimwambie namba niliyopata. Zilivyolingana mara tatu ndio drili ikaingia, na nilianza na tundu dogo nikaongeza kidogo kidogo.

Sasa kwa nini naliweka kwenye mpangilio? Kwa sababu watu wengi wanalisogeza mbele mpaka wafike uwanja wa ndege, gereji ni ndogo, naelewa, lakini mpaka mabawa yakae hujui mabomba ya mafuta kwenye shina yanakunjwa wapi, hujui waya wa kila bawa ukatwe urefu gani. Jamaa mmoja ninayemfahamu alikata waya zake zote kwa kukadiria, nzuri, zimefungwa, zimewekewa plagi, bawa likaja likakaa sentimita tano mbali na alipofikiria. Weka mabawa mara moja mapema, toboa, pima, weka alama, yatoe, yarudishe kwenye toroli.

Twende kwenye dashibodi, na hapa nina nyota za kunyima.

Sikutaka kufunga waya mwenyewe, mimi umeme wa AC nauweza lakini zile pini ndogo za redio macho yangu yameshakata tamaa, nikaagiza seti ya waya iliyofungwa tayari kwenye duka moja, jina nalihifadhi. Waliniambia wiki sita. Zilikua wiki 19. Kuchelewa sio tatizo kubwa, ndege ya gereji haina abiria wanaoisubiri, tatizo ni kwamba zilikuja zimemalizika. Kabisa. Ncha zote mbili zina plagi zake, zimebanwa, zimevalishwa kava, zinang'aa. Unaona tatizo? Tundu za kwenye mbavu na kwenye bati nyuma ya dashibodi zina upana wa kupitisha kidole gumba na rabha yake, plagi ya pini 37 ina upana wa kiberiti. Nikawapigia, dada aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa nitanue tundu. Dada yangu, hilo ni tundu kwenye mfupa wa ndege sio kwenye boksi la king'amuzi.

Kwa hiyo mimi na shemeji tulikaa usiku tatu na kijiti cha plastiki cha kuchomolea pini, pini moja moja, tunachora kila moja inatoka namba ngapi, tunapitisha waya, tunarudisha pini. Moja ikigoma unasikia shemeji anasonya mpaka nyumba ya tatu. Ningejua ningewaambia tangu siku ya kuagiza: ncha ya dashibodi mmalize, ncha ya pili mniachie pini zimebanwa lakini plagi haijavaa. Hicho ni kisentensi kimoja kwenye oda. Ufungaji wao wa waya wenyewe ulikua mzuri, sijakuta hata pini moja mahali pabaya, hivyo nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya yule dada hakupandisha sauti.

Na hapo hapo kwenye dashibodi kuna lile bati la juu, linaloanzia kioo cha mbele kwenda puani. Kitabu kikifika pale na wewe una mzuka utataka kulipiga ribiti maana ndege inaanza kufanana na ndege. USILIPIGE. Shikilia na kleko, litoe, lirudishe ukipima kanopi, litoe tena. Likishapigwa, kila kazi ya nyuma ya dashibodi unaifanya umelala chali, mgongo juu ya mhimili, miguu imepanda kwenye egemeo la kiti, kichwa kati ya pedali, tochi mdomoni, na nati ikidondoka inadondoka jichoni. Nimekaa kwenye ndege ya mtu mwingine hivyo robo saa tu namsaidia kubadilisha plagi, nilitembea nimepinda siku mbili. La kwangu limepigwa mwezi uliopita, baada ya redio kuwaka, breki kujazwa mafuta na kukaguliwa hazivuji, mpira wa joto umefungwa, kila waya umevutwa kwa mkono, na mzee jirani amepita na kioo chake. Kulipiga bado ni mateso, mtu mmoja analala chini na kile chuma cha kukingia, lakini ni mateso ya siku moja.

Kanopi nitasema kidogo tu: ile plastiki inapasuka ikiwa ya baridi, kwa hiyo zamu yake kwenye ratiba inapangwa na hali ya hewa. Texas mwezi wa nane gereji ni jiko, nikakata bila hofu. Kama unaishi Minnesota mambo yako yapange upya, hata kama kitabu kimefika hapo Januari wewe nenda kafanye kitu kingine.

Puani kuna mnyororo wake na ukiuvunja unarudi mwanzo. Kwanza lile bati la kuzuia moto, fayawoli, ni chuma cha pua, gumu, linakula drili, toboa matundu yote ya kupitishia kebo na mabomba na vitako WAKATI HAMNA INJINI, maana injini ikishakaa kichwa cha drili hakipati nafasi. Fikiria kabisa betri inakaa wapi, relei wapi, kichujio wapi, chora na kalamu, kaa nayo wiki. Alafu injini. Kwenye hii ya gurudumu la mbele kumbuka bila injini ndege inakaa kwa makalio, mkia chini pua juu, kwa hiyo weka stendi mkiani na mtu asipande nyuma (mtoto wa jirani alipanda, stendi ilikuepo, alhamdulillah).

Baada ya injini sasa watu wanakimbilia mabati ya kuelekeza upepo kwenye silinda, kwa sababu yako mezani na yanavutia. Hapana. Pangaboi kwanza na ile kofia yake ya mbele. Kava la injini linapimwa kwa kofia ya pangaboi, nafasi kati yao iwe sawa mzunguko mzima, na kofia uiache juu kidogo tu kuliko kava kwa sababu zile rabha za injini zitalala zikishabeba uzito. Kava likishakaa ndio unakuja kwenye mabati ya upepo, na hapo kuna ujanja ambao ningeulipia hela: unabandika vibanio vya karatasi, vile vya ofisini, kwenye kingo yote ya juu ya mabati, unafunga kava taratibu, kava linavisukuma chini, unafungua, na mstari wa kukata umeshachorwa. Pakiti moja ya vibanio dola mbili. Nyota tano.

Mnauliza ratiba yangu naiweka wapi. Nilianza na programu ya kompyuta yenye mishale na rangi, ikanishinda, nikahamia mlango wa friji la gereji. Kila kazi ina kikaratasi. Juu nimeandika kazi, chini kushoto "kabla ya" na chini kulia "baada ya", yani ifanyike kabla ya nini na baada ya nini, basi. Kikaratasi cha bati la juu kilikua na vitu 22 upande wa "baada ya" na kilikaa juu kabisa ya friji kama mfalme. Kila wiki nikitaka kufanya kazi naangalia kikaratasi kipi hakina kinachokizuia, nachukua hicho, hata kama sikipendi. Ukiwa huna hamu unachagua kazi tamu, na kazi tamu karibu zote ni za kufunga.

Mbili zaidi za pembeni. Boliti ambayo haijakazwa kwa spana ya kipimo inavaa mkanda wa rangi ya machungwa, ikishakazwa mkanda unatoka inapigwa tone la rangi, nikizunguka usiku na tochi naona machungwa yamebaki wapi. Na hakuna kufunga bila picha, na rula ndani ya picha. Mwaka huu nimetafuta waya mmoja kwenye picha ya 2021 nikaupata kwa sekunde kumi bila kufungua skrubu.

Kingine ambacho sikukiweka kwenye friji mpaka mzee akanishtua: mkaguzi. Siku anapokuja kukupa cheti cha kuruhusiwa kuruka anataka kuona ndani, sakafu ziwe nje, vifuniko vyote vya mabawa wazi, kava la injini chini. Mimi nilikua nimepanga kuweka zulia na vitambaa vya ubavuni mwezi huu, ndege ipendeze kwa mgeni, kumbe ningeweka ili nivitoe. Kwa hiyo mambo ya ndani yamesogea baada ya cheti, na rangi imesogea baada ya majaribio ya kuruka, ambayo kwa injini na pangaboi zenye cheti za kuendana ni masaa 25, vinginevyo 40. Itaruka kwanza ikiwa ya fedha tupu kama sufuria, na ikivuja au ikihitaji kutobolewa mahali sitalia rangi.

Haya, kwa ujumla wake. Seti ya RV-7A nyota tano kwa bati na matundu, nne kwa kwamba inakutegemea wewe ujue unataka ndege gani kabla hujaanza, sio kosa lao, ila mtu anayenunua akidhani ni ya kufuata namba moja mpaka mwisho ajue. Kama huna uzoefu wa kupanga kazi na unataka kila hatua imeandikwa kwa namba, hawa hawa wana RV-14, kitabu chake kinakushika mkono zaidi, na mwili mkubwa pia, wazee wa vitambi mnajijua. Daftari langu linasema masaa 1,900 na kidogo mpaka leo. Ukitoa yale ya kutoboa nilichofunga, kuchomoa pini, na kutafuta mkia mmoja wa ribiti, nadhani ningeshaokoa kama 200, na 200 ni majira mazima ya joto.

Umeme umerudi. Kwenye friji vimebaki vikaratasi tisa, cha kwanza ni mikanda ya viti, na upande wa "baada ya" hakina kitu.